Trekta la bustani la zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Trekta dogo la bustani lililolala bandani miaka thelathini huhukumiwa kabla mtu hajashika spana. Matairi yamekaa chini, panya wamejenga juu ya injini, na kila apitaye ni fundi: limenoki, halina spea, ni chuma chakavu. Nayapenda matrekta haya, na nimeyafungua ya kutosha kusema kwamba uzee huwa haujayafanya kitu kikubwa. Yanaharibika siku ile mtu anapojaribu kuyaamsha kwa maneno ya kusikia.

Nazungumzia yale ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970: Cub Cadet ya International Harvester iliyotoka mwaka 1961, John Deere 110 ya 1963, Wheel Horse na wenzao. Mengi yalifungwa injini za Kohler za familia ya K, zenye silinda moja ya chuma cha kusubu, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka huko.

"Injini haizunguki, basi imenoki"

Mara nyingi ni kutu tu. Ringi za pistoni zimegandamana na ukuta wa silinda pale pistoni iliposimama. Kwanza legeza mkanda wa stata na uweke gia huru, ujue kama kilichokwama ni injini yenyewe au kitu kilichofungwa nayo. Kisha toa plagi, mimina ndani mafuta ya kulegeza kutu, au asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu. Fanya hivyo mbali na moto, maana asetoni hulipuka upesi. Acha siku kadhaa, ukiongeza kila inapokauka. Halafu shika flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mikono miwili, isukume kidogo mbele, kidogo nyuma. Usichomeke nondo kwenye mapezi yake. Yakikatika, upepo wa kupoza injini umepungua.

Wako wanaolifunga trekta nyuma ya gari na kuliburuta likiwa kwenye gia. Konrodi ya injini hizi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ni ya alumini. Nimeshika mkononi konrodi iliyokatika vipande viwili namna hiyo, ikitoka kwenye silinda isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Wiki moja ya subira ingeiokoa.

"Geji imeonyesha kompresheni ndogo, ringi zimekwisha"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu anayeisema ana kifaa cha kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na anaamini amepima. Injini nyingi za familia ya K zina kitu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu, kinachoinua valvu ya ekzosi kidogo wakati wa kuwasha, ili stata isilemewe. Injini ikishika kasi, vizito vyake hutanuka na valvu inafunga sawasawa. Sasa ukipiga stata huku geji ikiwa kwenye tundu la plagi, unapima silinda ambayo imefunguliwa kwa makusudi! Namba lazima iwe ndogo. Watu wamenunua pistoni na ringi mpya kwa sababu ya namba hiyo.

Ukitaka kutumia geji, zungusha injini kinyume na mwendo wake wa kawaida. Njia bora zaidi ni kuleta pistoni juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, kuzuia flaiwili isigeuke, kisha kuingiza hewa ya kompresa na kusikiliza. Hewa ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi haikai vizuri. Ikivuma kwenye kabureta, ni ile ya kuingizia. Ikitokea mahali pa kujazia oili, hapo ndipo ringi zinaposhukiwa. Valvu iliyokaa miaka mingi huwa na kutu kwenye kiti chake, na kuisaga tu kwa mkono kunaweza kuirudishia injini nguvu.

"Injini ya kale itumie oili ya kale"

Wanamaanisha oili isiyo na kemikali za kusafisha. Lakini watengenezaji wenyewe walikwisha kuacha ushauri huo: vitabu vya Kohler vya enzi hizo vinaagiza oili yenye kemikali hizo, ya uzito wa SAE 30 kwa hali ya joto. Ukweli uliopo ni kwamba tope la zamani likianza kulegea halina chujio la kulinasa, basi fungua sahani ya chini uifute, na ubadilishe oili tena baada ya saa chache za kazi. Kumbuka pia hakuna pampu ya oili. Konrodi ina kijiko kinachorusha oili juu kikizunguka. Oili ikishuka, kijiko kinachota hewa, na alumini haisamehe.

Pointi za kuwashia, vile vibati vinavyounga na kukata umeme wa cheche? Zisafishwe kwa msasa, wanasema. Msasa huacha chembe zinazozuia umeme. Tumia tupa laini ya pointi, kisha pitisha karatasi safi, na uache mwanya wa milimita 0.5. Cheche ikiwa bado dhaifu, badilisha kondensa kabla ya kulaumu koili.

Na anayecheka eti "nguvu farasi kumi tu" hajui kwamba injini ya Kohler K241, yenye nguvu hizo kumi, ina sentimita za ujazo 391 ndani ya silinda moja. Kuvuta plau katika udongo wa bustani ndiyo kazi iliyotengenezewa.

"Spea hazipatikani"

Zinapatikana, kwa anayeuliza kwa namba. Injini nyingi zilibadilishwa zamani, kwa hiyo usiagize kwa jina la trekta. Soma kibati kilichopo kwenye injini. Ringi, gasketi na vifaa vya kabureta vya familia ya K bado vinatengenezwa. Wheel Horse ilinunuliwa na kampuni ya Toro mwaka 1986, na Toro bado inatoa vitabu vya mashine hizo za zamani.

"Anza na rangi, mengine yatafuata"

Naomba rangi ije mwisho, baada ya breki na klachi. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, usiisage kavu. Breki na klachi za enzi hizo huenda zina asbesto, usizipulize kwa hewa. Anayetoa kutu kwa umeme, kwa maji ya magadi soda na chaja ya betri, atumie chuma cha kawaida upande chanya, kamwe si chuma kisichoshika kutu, maana kile huyaachia maji kromiamu yenye sumu. Afanye kazi hiyo nje, kwa sababu maji hayo hutoa hidrojeni, na asitumbukize kitu cha alumini.

Kabla ya kuosha kitu chochote kwa kemikali kali, toa tangi la mafuta uangalie chini yake. Hapo jua halikufika, na rangi ya kiwandani huwa bado ilivyotoka. Futa grisi taratibu kwa kitambaa, na umpelekee mchanganya rangi kipande chenye rangi hiyo.