Mfuko wa hisani wa ushauri: ukishatoa, mwenye mali ni nani?

Mfuko wa hisani wa ushauri wa mtoaji, ambao Wamarekani huuita kwa herufi tatu tu, DAF, ni akaunti inayofunguliwa ndani ya shirika la hisani lililosajiliwa Marekani. Unaweka humo fedha au hisa, na mwaka huohuo unapata haki ya punguzo la kodi. Baadaye, iwe mwezi ujao au baada ya miaka 10, unaliomba shirika lile lipeleke kiasi fulani kwa shule, hospitali, kanisa, msikiti au kituo cha watoto. Muda wote huo fedha huwekezwa, na faida yake haitozwi kodi.

Neno la kutazamwa hapo ni "unaliomba". Aliyezoea mambo ya pwani atalielewa haraka, kwa kuwa wakfu anaujua: mtu akishaiweka nyumba wakfu, haiuzi tena, watoto wake hawairithi, na msimamizi ndiye anayeishughulikia. Mfuko huu unafanana na wakfu katika jambo hilo moja la kutorudi nyuma. Tofauti ni kwamba mali ya wakfu hubaki na kinacholiwa ni mapato yake, ilhali hapa unaweza kuitoa yote hadi senti ya mwisho. Mfuko wa kwanza wa aina hii ulianzishwa na The New York Community Trust mwaka 1931, lakini sheria ya kodi ya Marekani haikuutolea maana rasmi hadi mwaka 2006. Maana yenyewe ni kavu: mali ni ya shirika, na mtoaji amebaki na haki ya kushauri.

Kwa hiyo anayetafuta mfuko anamchagua mmiliki mpya wa fedha zake. Wengi huanza kwa kuuliza tovuti ipi ni nzuri, wakaja kulifikia swali la umiliki wakiwa wameshatia saini.

Kuna waliolifikia kwa uchungu. Mwaka 2009 National Heritage Foundation ya Virginia iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, baada ya kushindwa kesi iliyoidai mamilioni ya dola. Watoaji wenye maelfu ya akaunti waligundua kwamba zile walizoziita "fedha zangu za sadaka" zilihesabiwa kuwa mali ya shirika, na wadai wakalipwa kutoka humo. Kesi nyingine ilihusu mume na mke, akina Fairbairn, walioipa Fidelity Charitable, mmoja wa wasimamizi wa mifuko hii, hisa za mamilioni ya dola mwishoni mwa Desemba 2017. Hisa ziliuzwa mara moja. Wao wakashtaki, wakidai waliahidiwa kwamba zingeuzwa polepole ili bei isianguke. Mwaka 2021 mahakama ya San Francisco iliwapa ushindi Fidelity Charitable. Jambo lisiloandikwa kwenye mkataba usilihesabu kuwa lako, hata kama mtu wa simu alikuambia ndiyo.

Je, unauhitaji kweli? Chukua muuguzi Mkenya wa Dallas, hajaolewa, mshahara wake dola 100,000, na kila mwaka anatoa dola 4,000 kwa kanisa lake na kwa shirika la elimu. Kwa mwaka wa kodi 2026, serikali humpa kila mtu asiye na ndoa punguzo la jumla la dola 16,100, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi, bila kumuuliza alitumia nini. Tuseme riba ya mkopo wa nyumba yake na kodi anayoilipa serikali kwa kuimiliki, ambazo nazo huruhusiwa kukatwa, ni dola 10,000. Ukijumlisha na sadaka unapata 14,000, chini ya lile la jumla, kwa hiyo kuorodhesha, yaani kutaja matumizi hayo moja moja badala ya kuchukua lile la jumla, hakumsaidii. Lakini akiweka sadaka ya miaka mitano, dola 20,000, kwenye mfuko kwa mara moja, jumla inafika 30,000. Kanuni iliyoanza 2026 inaondoa sehemu ya kwanza ya sadaka, nusu asilimia ya mapato, hapa dola 500. Zinabaki 29,500, yaani 13,400 zaidi ya punguzo la jumla. Kwa kiwango chake cha asilimia 22, kodi inashuka kwa karibu dola 2,900, na kanisa linaendelea kupokea fungu lake kila mwaka kutoka kwenye mfuko.

Asiye na mkopo wa nyumba atapata faida ndogo zaidi, pengine isiyofaa usumbufu. Tena tangu 2026 hata asiye na ndoa asiyeorodhesha anaruhusiwa kukata hadi dola 1,000 za sadaka ya taslimu, mradi zimekwenda moja kwa moja kwa shirika linalofanya kazi. Zikipitia kwenye mfuko huu, hazihesabiki.

Mwenye hisa zilizopanda bei ndiye hasa mfuko huu unayemfaa. Hisa alizonunua kwa dola 5,000 na kuzishika zaidi ya mwaka, leo zina thamani ya dola 20,000. Akizitoa kama zilivyo, halipi kodi ya ile faida ya 15,000, na anakata thamani yote, mradi isizidi asilimia 30 ya mapato yake. Mashirika madogo mengi hayana namna ya kupokea hisa, kwa hiyo mfuko huzipokea, ukaziuza, ukayapelekea fedha.

Mashirika yanayosimamia mifuko hii ni ya namna tatu. Yapo yaliyozaliwa na makampuni ya uwekezaji, kama Fidelity Charitable ya tangu 1991, Vanguard Charitable, na DAFgiving360 ambayo hadi 2024 iliitwa Schwab Charitable. Yapo ya jamii ya mji au jimbo, ambayo watumishi wake wanayajua mashirika ya eneo lao kwa majina. Na yapo ya imani, kama National Christian Foundation na American Muslim Community Foundation, ambayo yana masharti yake kuhusu nani apewe. Mwislamu anayekwepa riba aanze kwa kuuliza fedha zitawekezwa wapi, kabla hata ya kuuliza ada.

Ada yenyewe isomwe kwa makini. Fidelity Charitable hutoza asilimia 0.6 kwa mwaka au dola 100, ipi iliyo kubwa. Asilimia 0.6 inasikika kama si kitu, lakini mwenye akaunti ya dola 5,000 atalipa zile 100, yaani asilimia 2 nzima, na juu yake kuna gharama za uwekezaji.

Sasa kwa msomaji ambaye moyo wake uko nyumbani, hapa ndipo mifuko mingi inapokwama. Karo ya mtoto wa dada yako hailipiki. Mchango wa matibabu ya jirani haulipiki. Harambee ya mazishi, vivyo hivyo. Sheria inazuia ruzuku kwa mtu binafsi, na shirika likikiuka hutozwa kodi ya asilimia 20 ya kiasi kilichotolewa. Ukijinufaisha mwenyewe, kwa mfano kulipia karo ya mwanao kwa kisingizio cha ruzuku kwa shule, adhabu ni asilimia 125 ya faida uliyoipata. Shirika lililosajiliwa Kenya au Tanzania linaweza kupewa, ila shirika simamizi lazima ama lithibitishe kwamba linalingana na shirika la hisani la Marekani, ama lifuatilie matumizi kwa ripoti. Wasimamizi wengi wakubwa hawataki kazi hiyo. Wanakuelekeza kwa wapatanishi kama CAF America au GlobalGiving, ambao nao wana makato yao. Njia nyepesi ni kuona kama shule au hospitali unayoilenga ina chama cha marafiki kilichosajiliwa Marekani, maana hicho hupewa kama shirika lolote la huko.

Uliza pia nani atashauri ukifa. Baadhi huruhusu watoto waendelee, baadhi huzitawanya fedha kwa mashirika uliyoyaandika, na usipoandika chochote, salio linaweza kuingia kwenye kapu lao la jumla. Kwa vile sheria haiwalazimishi kutoa kiasi chochote kila mwaka, akaunti inaweza kulala muda mrefu. Soma kanuni yao ya akaunti iliyolala inasemaje.

Kabla ya kuweka hata dola, waandikie barua pepe ukitaja jina la shirika lilelile unalotaka kulisaidia, mahali liliposajiliwa na kiasi, na uulize kama watalilipa, kwa muda gani na kwa makato gani. Jibu lije kwa maandishi. Likichelewa wiki tatu, ruzuku nazo hazitakuwa na haraka zaidi.