Ubwege katika filamu ndefu ya katuni ni nini?

Ubwege ni kichekesho kinachoanza na jambo lisilowezekana, kisha kikalifuata kwa mantiki kali mpaka mwisho. Wengi hudhani ni kurundika vituko: mbuzi anaruka angani, nyumba inaimba, bibi anageuka baiskeli. Vituko vya namna hiyo vinachosha haraka. Ubwege unataka uongo mmoja tu, na baada ya hapo kila mtu awe mkweli.

Abunuwasi alishatuonyesha zamani. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na nyingine ndogo ndani yake akisema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Alipoazima tena akaja kusema sufuria imekufa, jirani hakuwa na pa kushika: aliyekubali uzazi akubali na msiba. Na wote wawili wanazungumza kama watu walio mbele ya kadhi.

Tuilete Kigoma. Dagaa wametoka ziwani kwenye mwalo wa Kibirizi, wamepanga foleni stesheni, wanataka tiketi za Dar es Salaam. Karani hashangai kuona dagaa anaongea. Anachokataa ni noti iliyolowa. Anaishika kwa ncha za vidole, anaibana kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, anasema, "Subiri ikauke, mzee wangu." Dagaa wa pili anaomba nauli ya mtoto, karani anatoa rula, anampima. Abiria walio nyuma wananung'unika kwamba wanacheleweshwa, hakuna anayenung'unika kuhusu samaki. Kicheko kiko hapo: sheria moja ya dunia imevunjika, taratibu za ofisi zimebaki vilevile.

Onyesho hilo linatosha dakika tatu. Filamu ndefu, ambayo kwa kanuni za Oscar ni inayozidi dakika 40 na kwa kawaida hukaribia 90, inadai zaidi: dagaa awe na haja inayomuuma. Tuseme anamfuata mkewe, aliyesafirishwa akiwa mkavu ndani ya gunia. Sasa reli ya zaidi ya kilomita 1,200 ina kazi ya kufanya. Tabora, njia ya Mwanza inapochepuka, gunia linapakiwa behewa lisilo lake, na mume analazimika kwenda kumtafuta mkewe katikati ya dagaa wa Ziwa Victoria. Tunacheka, lakini tunataka ampate. Mimi naamini ubwege usio na uchungu ndani yake haufiki hata nusu ya filamu.

Kwenye katuni kila wazo lina gharama. Sekunde moja ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, kwa hiyo dakika 90 ni fremu 129,600. Hata mchoro mmoja ukitumika kwa fremu mbili, kama wachoraji wengi wafanyavyo, inabaki michoro 64,800. Ndiyo maana kabla ya kuchora chochote kwa ukamilifu hutengenezwa animatiki: michoro ya haraka ya storibodi (hadithi iliyochorwa picha kwa picha) iliyopangwa kwa muda wake halisi, pamoja na sauti za waigizaji. Programu zipo za bure. Filamu ya Latvia iitwayo Flow ilitengenezwa kwa Blender, mojawapo ya programu hizo, na ikashinda Oscar mwaka 2025.

Bahati nzuri, ubwege unapenda vitu vya bei nafuu. Karani akimtazama dagaa kwa sekunde mbili bila kupepesa, hizo ni fremu 48 kwa mchoro mmoja, na huenda ndipo watu watakapocheka zaidi. Foleni ya dagaa mia ndiyo ghali, ingawa mwendo wa dagaa mmoja unaweza kunakiliwa na kila nakala ikaanzishwa kwa kuchelewa kidogo.

Waigizaji wa sauti wasichekeshe. Karani asome nauli kama anavyosoma siku zote, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha kama ndiyo yake, bila kubana pua. Kisha waonyesheni animatiki watu wasiohusika na kazi yenu. Wakiuliza kwa nini dagaa anaongea, onyesho la kwanza halijakaa sawa, lirekebisheni. Wakiuliza kama noti imekauka, anzeni kuchora.