Kibarua cha duka la vitabu Tabora: yanayosemwa vijiweni na yanayoonekana kaunta

Mara ya kwanza kuomba kibarua duka la vitabu nilikwenda Jumatatu ileile shule zinafunguliwa, saa nne asubuhi, na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwa na barua, sivii na nakala za vyeti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Wazazi walikuwa wamebanana mpaka barazani, wengine wamejibanza chini ya mwembe. Nikapenya, nikasema shikamoo mama, nikamkabidhi mwenye duka bahasha yangu. Akaipokea, akaigeuza, akaandika mgongoni mwake: daftari za kaunta 8, rimu 2, mkebe 1, peni dazeni. Akajumlisha, akampa mzazi aliyesimama nyuma yangu. Mzazi akalipa, akaondoka na mzigo wake, na bahasha, na barua yangu ya maombi ndani yake.

Tangu siku hiyo nimefanya misimu minne katika maduka mawili hapa mjini, wa mwisho nikiwa chuo. Kila Novemba wadogo zangu wa mtaani Cheyo huja kuniuliza namna ya kuingia, na wanayoyaamini ni yaleyale niliyoyaamini mimi.

"Kazi ya msimu inaombwa msimu ukianza"

Msimu ukishaanza mwenye duka hana hata nafasi ya kunywa chai, seuze kusoma sivii. Januari anamtaka mtu ambaye tayari anajua mikebe iko rafu gani. Orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza hutoka Desemba, shule hufunguliwa kwenye wiki ya pili ya Januari, kwa hiyo mzigo hushushwa Novemba na Desemba. Mikono hutakiwa hapo, kwenye kufungua maboksi na kuhesabu stoo. Atakayeonekana anahesabu stoo Desemba ndiye atakayeambiwa abaki Januari.

Nenda Novemba, katikati ya wiki, kama saa nane au saa tisa mchana, jua la Tabora likiwa limeshawafukuza wateja. Asubuhi watu wanahangaika na chenji, jioni hesabu zinafungwa. Ukikosa Januari, ipo Julai, muhula wa pili unapoanza na kidato cha tano wanaporipoti. Ipo pia Oktoba na Novemba, AMUCTA na vyuo vingine vinapofungua, ingawa hapo kazi kubwa ni kudurufu na picha za pasipoti kuliko vitabu.

"Kibarua cha Januari ni cha wanachuo, wako likizo"

Hawako likizo. Januari mwanachuo yuko katikati ya muhula wa kwanza na mitihani inamkodolea macho. Aliye huru kwelikweli ni aliyemaliza kidato cha nne Novemba: matokeo yake hutoka mwishoni mwa Januari, na kidato cha tano hakianzi hadi Julai. Mwanachuo bado anapata, ila asiahidi siku nzima. Nilipokuwa chuo nilikwenda na nakala ya ratiba ya vipindi, nimezungushia kwa peni nyekundu jioni nne na Jumamosi ambazo niko huru. Bosi akaibandika ukutani karibu na kalenda. Nadhani karatasi ile ilinisaidia kuliko vyeti vyote, maana ilimwambia saa ambazo hataniona.

"Wanataka mtu anayependa vitabu"

Hii ndiyo iliyonidanganya zaidi. Kwenye barua yangu ya kwanza niliandika aya nzima kuhusu riwaya nilizosoma. Riwaya! Msimu wa shule duka la vitabu huishi kwa daftari, na vitabu vyenyewe vinavyotoka ni vya darasani.

Mzazi ametoka Kaliua na treni ya alfajiri, ana tranka jipya la mtoto na karatasi ya maelekezo ya shule. Haisomi. Anakunyooshea, anasema, "Mwanangu, nipe vilivyoandikwa humo." Humo kuna kaunta za kwaya 3, rimu, mkebe wa hisabati, na chini kabisa jembe na ufagio ambavyo duka halina. Kazi yako ni kutenganisha, kukisia mwandiko, na kumweleza kwa nini kaunta ya kwaya 2 haitatosha hata kama ni nafuu. Kwaya moja ni kurasa 96, kwa hiyo kwaya 3 ni kurasa 288. Mwalimu aliyeandika orodha anazijua kurasa zake. Rimu ni karatasi 500. Ukiona bunda limelegea, lipime kwa mkono kabla mteja hajalipima yeye.

Halafu vitabu. Kitabu cha kiada ndicho kinachofundishiwa darasani, na kinatoka Taasisi ya Elimu Tanzania. Cha ziada kinaweza kuwa cha mchapishaji mwingine aliyepata ithibati. Mzazi akisema "kitabu cha Sayansi darasa la nne" anamaanisha cha kiada, na akipelekewa cha ziada mtoto anarudishwa, mzazi anarudi dukani amenuna. Tena kuna mtaala ulioboreshwa, ulioanza Januari 2024 na madarasa ya chini, likiwemo la kwanza na la tatu, kisha ukawa unapanda. Mtoto wa darasa la nne leo hawezi kurithi vitabu vya kaka yake aliyemtangulia miaka kadhaa, ingawa jina la somo wakati mwingine ni lilelile na jalada linafanana kwa mbali. Rafu moja inaweza kuwa na vyote viwili. Mwenye duka anaogopa kosa hilo kuliko wizi, kwa sababu kitabu kilichokwisha kuandikwa jina la mtoto hakirudishiki.

Basi ukitaka kujiandaa, usijisifie usomaji. Ingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu kwa simu yako, ni bure, uyazoee majalada. Msaidie mdogo wako kununua vifaa vyake. Dada mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa hajasoma hata riwaya moja mpaka mwisho, lakini ana wadogo watano shuleni. Hakuwahi kukosea jalada.

(Kwa wanaodhani vitabu ni mambo ya Dar es Salaam: ukishika kitabu cha zamani kilichoandikwa T.M.P. Book Department, Tabora, ujue ni cha hapa. Uchapaji wa Tanganyika Mission Press ulikuwa Kipalapala, nje kidogo ya mji.)

"Bila kujuana hupati"

Hapa sitawadanganya, kuna ukweli. Ila watu wanaukosea mahali pake. Mwenye duka atakuacha na droo ya fedha wakati yeye ameingia stoo, kwa hiyo anataka kujua ukitoweka atakupata wapi. Ndugu yake anajulikana kwao, basi, hiyo ndiyo faida ya ndugu. Wewe usiye ndugu unaliziba pengo hilo kwa barua ya serikali ya mtaa, na mdhamini mwenye makazi yanayoeleweka: mwalimu wako, mzee wa kanisa, ustadhi, mama mwenye genge pale mtaani. Kama hujafika miaka 18 na huna namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), peleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha shule. Duka la pili niliingia kwa udhamini wa fundi baiskeli wa Isevya. Mwenye duka alikwenda kwake mwenyewe kuulizia, akarudi na baiskeli imetengenezwa.

Umri nao unazua maneno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Kuanzia 14 inaruhusu kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Kukaa kaunta likizo ni sawa. Kutoroka vipindi ili ukae kaunta si sawa.

"Mwanafunzi halipwi, anapewa posho"

Sheria haina kifungu cha kumnyima mwanafunzi mshahara. Ukifanya kazi chini ya maelekezo ya mtu kwa malipo, wewe ni mfanyakazi, hata kama ni wa wiki tano. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza 1 Januari 2023, iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Oktoba 2025 ikatangazwa nyongeza ya wastani wa asilimia 33.4 kwa sekta binafsi kuanzia 1 Januari 2026, kwa hiyo usishike namba zangu, shika njia ya hesabu. Sheria inahesabu wiki 4.333 kwa mwezi na saa 45 kwa wiki, yaani kama saa 195. Gawanya: 150,000 kwa 195 ni shilingi 769 kwa saa. Ukifanya saa 4 kila jioni kwa siku 6, ni saa 24, na kwa kiwango kile cha zamani ni shilingi 18,456 kwa wiki. Si nyingi. Lakini aliyekuambia "elfu kumi na soda" alikuwa anakupunja.

Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, na ukifanya kazi saa 5 mfululizo unastahili saa moja ya mapumziko. Za ziada hulipwa mara moja na nusu. Wiki ya kwanza ya shule karibu kila duka linavuka hapo, na ni vigumu kudai wakati foleni imefika mlangoni. Mimi niliandika tu kwenye kidaftari: nimeingia saa ngapi, nimetoka saa ngapi. Nilikuwa nakiacha wazi juu ya kaunta, kila mtu akione.

Kidaftari hicho kilizaliwa na machungu. Msimu wangu wa pili boksi la peni lilipotea, na Jumamosi nikaambiwa wiki yangu yote imeliwa na boksi. Nilikubali, nikidhani ndivyo ilivyo. Sivyo. Ili ukatwe kwa ajili ya hasara, kwanza lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na alivyokipata, nawe upewe nafasi ya kupinga. Hata ukishindwa, makato hayo hayazidi robo ya malipo yako. Wiki mbili baadaye boksi lilionekana nyuma ya katoni za chaki. Fedha yangu haikuonekana. Siku hizi nikiwafundisha wadogo zangu nawaambia wamwite bosi pembeni kwa heshima, "samahani mama, naomba tuandikiane," na wengi hulegea hapohapo. Asiyelegea, afisa kazi yuko mkoani.

Habari ya kwamba kodi itakumaliza iache. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato.

"Angalau utasoma bure"

Mama yangu ndiye aliyeniambia hivi. Januari hukai, na ukikaa unafunika madaftari ya wateja kwa nailoni. Februari duka linatulia, unapata kiti, unafungua kitabu, na hapo ndipo bosi anapokuambia mwanangu asante, tutaonana Julai. Katika misimu minne nimesoma ukurasa wa kwanza wa riwaya moja mara kumi na moja hivi. Wa pili sijaufikia.