Jengo la maabara jangwani, na yale ambayo Lubumbashi inaweza kuyachukua

Mtu akisikia kwamba jengo la sayansi la chuo kikuu litajengwa jangwani, hulifikiria jua kwanza. Jua ni tatizo kweli, lakini kwetu sisi tunaofundisha ujenzi, tatizo kubwa zaidi ni hewa. Katika ofisi, hewa iliyokwisha kupozwa huweza kuzungushwa tena na tena. Katika maabara ya kemia haiwezekani, kwa kuwa mvuke wa asidi hauna budi kufyonzwa na kutolewa nje, na mara nyingi hewa ya chumba kizima hubadilishwa mara 6 hadi 12 kwa saa. Hewa baridi inapotoka, huingia ya jangwani yenye nyuzijoto 40, nayo ni lazima ipozwe upya.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua vioo au rangi ya ukuta, vyumba vitenganishwe: maabara zenye mvuke zikae pamoja, ofisi na madarasa kando, na korido na ngazi ziachwe wazi kivulini, bila mashine ya kupoza. Katika Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, jengo la mazingira na maliasili lililofunguliwa mwaka 2015 limezunguka ua mwembamba ulio wazi juu, mfano wa korongo la jangwani, na watu hupita humo kwenye kivuli.

Hata hivyo, nisingependa mchoro huo unakiliwe hapa kwetu Lubumbashi kama ulivyo. Tucson iko nyuzi 32 kaskazini mwa ikweta, na jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini, na kwa takriban miezi 8, tangu nusu ya pili ya Februari hadi nusu ya pili ya Oktoba, jua hilo huwa upande wa kaskazini. Anayeiga bila kupima atakinga ukuta usiohitaji kukingwa. Mashariki na magharibi hali ni ileile kotekote: jua huingia likiwa chini, upenu hauwezi kulizuia, hivyo kuta hizo ziwe fupi na zenye madirisha machache.

Kupoza hewa kwa maji hufaa penye ukavu, kwa sababu lita moja ikigeuka mvuke huchukua joto la karibu theluthi mbili ya kilowati-saa. Kwetu ingesaidia Septemba na mapema Oktoba. Mvua zikishakolea, faida yake hupungua sana. Ukuta mnene wa matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa vichuguu, hutufaa zaidi, kwani hulifyonza joto la mchana na kulitoa polepole katika usiku wa baridi wa Juni na Julai.

Linabaki vumbi la kiangazi. Vichujio vya hewa viwekwe mahali ambapo fundi anavifikia kwa urahisi, maana kichujio kikiziba, hewa inayoingia hupungua, kabati la kemia, lile la kufyonza mvuke na kuutoa nje, hufyonza kidogo, na anayeuvuta mvuke ni mwanafunzi aliyesimama mbele yake.