Wiki mbili za takwimu hazimtoi mtafiti

Ombi ni lilelile, mwombaji tu ndiye hubadilika: tuna madaktari bingwa wa watoto na wa uzazi, wote wana MMed (shahada ya uzamili ya tiba), tasnifu zao zimo maktaba na jalada gumu, basi wapewe wiki mbili za takwimu waanze kutafiti sumu za mazingira kwa wajawazito na watoto. Safari hii najibu hadharani nisije kurudia. Takwimu ndiyo sehemu rahisi, na mtakwimu anaajirika. Kinachomkwamisha bingwa ni mazoea yake ya wodini, tena yale mazuri.

Wodini kipimo ni jibu. Hb, yaani hemoglobini ya damu, ikirudi 6, unaagiza damu. Kwetu watafiti wa sumu namba ikirudi unaiuliza kwanza: wewe unasema habari za lini? Chukua bisphenoli A, ile ya plastiki ngumu na ya utando wa ndani ya makopo. Nusu yake hutoka mwilini kwa saa sita hivi. Mkojo uliokingwa kliniki saa nne asubuhi unaeleza chai ya asubuhi ile na chakula cha jana usiku, basi. Bado nasoma mapendekezo yanayokinga mkojo mmoja wiki ya 20 na kuuita kiwango cha ujauzito mzima. Kosa la namna hiyo kwa kawaida hufifisha uhusiano wa kweli: mtafiti anaambulia "hakuna tofauti", na mwenye kiwanda anafurahi. Dawa yake inajulikana. Kinga mikojo kadhaa, siku tofauti, katika kila miezi mitatu ya mimba. Fedha za maabara zikiwa chache, changanya ujazo sawa wa mikojo ya mama yuleyule, upime mchanganyiko mmoja. Ila usichanganye ya miezi ya mwanzo na ya mwisho, maana hapo umelifuta dirisha ulilokuwa ukilitafuta, yaani kipindi ambacho sumu hudhuru zaidi.

Risasi, ile metali nzito, ni kinyume chake. Katika damu nusu yake huondoka kwa mwezi mmoja hivi, lakini katika mifupa hukaa miongo. Mama akishika mimba au akinyonyesha, mifupa hutoa kalisi, na risasi huifuata. Petroli yenye risasi iliondolewa Tanzania karibu na 2006, kwa hiyo mjamzito aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1995 anaweza kuwa anamgawia mwanawe moshi wa utotoni mwake. Halafu risasi ya damu hushuka katikati ya mimba, kwa sehemu kwa sababu maji ya damu yanaongezeka, kisha hupanda tena mwishoni. Ukimlinganisha wa wiki 12 na wa wiki 24 bila kujali hilo, umelinganisha kalenda. Na umri wa mimba uwe wa ultrasaundi ya mapema, si wa kukumbuka hedhi.

Zebaki nayo ina mtego wake. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo sentimita 9 ni shajara ya mimba nzima, mradi uufunge uzi upande wa kichwani kabla ya kukata. Uzi ukisahaulika, una kifungu cha nywele tu. Lakini nywele hueleza zebaki iliyoliwa kwenye samaki. Kwa mama anayechoma dhahabu Geita, zebaki inaingia kama mvuke. Huyo mpime mkojo. Kumkata nywele ni kupima mvuke uliomtua kichwani.

Ndiyo maana mwezi wa kwanza wa mafunzo nataka daktari akae na tyubu za damu, si na kompyuta. Kabla ya kwenda uwandani achukue tyubu chache za kila bechi, azijaze maji safi ya maabara, azipeleke zipimwe. Zipo bechi zenye risasi kutoka kiwandani, na ukigundua baada ya watoto 300 umechelewa. Mtoto anayechezea vumbi aoshwe mikono kwa sabuni na maji. Spiriti huua vijidudu, risasi ya kwenye ngozi haiiondoi. Akitobolewa kidole, tone la kwanza la damu lifutwe. Risasi katika kipimo cha kidole ikifika 5 (mikrogramu kwa desilita, kiwango cha WHO tangu 2021, CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, hutumia 3.5), rudia kwa damu ya mshipa. Na asome kizio: 5 hiyo ni mikromoli 0.24 kwa lita.

Kompyuta ikishafunguliwa, bingwa hupenda "kusahihisha", yaani kuondoa kwa hesabu athari ya kila kitu, hemoglobini ikiwemo. Upungufu wa chuma huongeza ufyonzaji wa risasi, na risasi nyingi hushusha hemoglobini. Basi hemoglobini ni chanzo na ni matokeo pia. Achore kwanza kwenye karatasi mishale ya nini huleta nini.

Wenye haraka nawapeleka Rwanda. Jaribio la HAPIN, la kupima kama jiko la gesi humsaidia mtoto kuzaliwa mzito, lilisajili wajawazito wapatao 3,200 huko na Guatemala, India na Peru. Nusu walipewa jiko la gesi na gesi ya bure. Waliopewa gesi walivuta chembe laini za moshi mikrogramu 24 hivi kwa mita ya ujazo, wenzao 70 hivi. Matokeo ya 2022: uzito wa kuzaliwa ulikuwa gramu 2,921 kwa 2,898, tofauti isiyotengana na bahati. Je, moshi hauna neno? Akina mama waliingia kati ya wiki ya 9 na 20, kondo likiwa limeshaanza kujengwa ndani ya moshi. Au 24 bado ni nyingi, maana WHO inataka 5 kwa wastani wa mwaka. Naegemea la kwanza, lakini sina ushahidi wa kumfunga mtu mdomo. Lipo na baya zaidi: mimba zilizotoka mapema haziingii kwenye daftari letu, na kama sumu huondoa walio dhaifu, waliobaki wataonekana wazima. Sijaona hesabu ya kulitatua hilo ninayoiamini.

Kuhusu muda: ruzuku ya K23 ya Marekani, ya kumlea daktari awe mtafiti, kwa kawaida humtaka atoe angalau asilimia 75 ya kazi yake kwa utafiti. Wa kwetu hupewa Ijumaa mchana, na zamu ikikosa mtu anaitwa. Mpeni miaka miwili, na msimamizi wa pili asiwe daktari. Awe mkemia au afisa afya anayejua vumbi hukaa wapi nyumbani.

Pendekezo likinifikia, kwanza natafuta ukurasa wa kurudisha majibu. Tuseme mtoto ana risasi 20 kwa kizio kilekile. Dawa za kuitoa risasi hupendekezwa kuanzia 45, na bila kuondoa chanzo hazifai kitu. Mama hana pa kuhamia. Nani anakwenda kwake, siku ya ngapi, anaondoa nini, kwa fedha ipi? Ukurasa huo usipokuwepo, sisaini.