Je, wajua kwa nini mpelelezi hodari wa New York alitoka bila bastola usiku aliouawa?

Ijumaa, 12 Machi 1909, mwanamume mmoja mfupi, mnene, mwenye makovu ya ndui usoni, alimaliza chakula chake cha jioni katika mkahawa wa Oreto mjini Palermo, katika kisiwa cha Sicily. Akalipa, akatoka, akaelekea kwenye bustani ya uwanja wa Piazza Marina, hatua chache tu kutoka hapo. Ilikuwa yapata saa tatu kasorobo usiku. Risasi zikalia, tatu zikampata. Watu wakatawanyika kila upande. Baharia mmoja tu ndiye aliyeukimbilia mlio badala ya kuukimbia. Alipofika, mtu yule alikuwa ameshakata roho.

Polisi walipopekua chumba chake cha hoteli walikuta bastola yake ndani ya begi. Walikuta pia maandishi yake kuhusu wahalifu wa Sicily, na humo jina la Vito Cascio Ferro, mkazi wa Bisacquino, ambaye marehemu mwenyewe alimwandika kuwa mhalifu wa kuogopwa.

Marehemu alikuwa Luteni Joe Petrosino wa polisi ya New York, mtu ambaye majambazi wa Kiitalia walikuwa wakiliapiza jina lake. Alijua fika yuko katika kisiwa cha nani. Ilikuwaje basi atoke peke yake, usiku, mikono mitupu?

Tuanzie mbali kidogo. Petrosino alizaliwa mwaka 1860 katika mji mdogo wa Padula, kusini mwa Italia, akapelekwa Marekani akiwa bado mtoto. Alipiga watu viatu kiwi, kisha akaajiriwa kufagia barabara za jiji. Mwaka 1883 akaingia polisi, ingawa kimo chake, sentimita 160 hivi, hakikufikia kile kilichotakiwa. Walimchukua kwa sababu walimhitaji. Waitaliano walikuwa wakishuka melini kwa maelfu, na askari wa New York, wengi wao wenye asili ya Ireland, hawakuelewa hata neno moja la lugha yao. Petrosino alizielewa lafudhi zao, za Naples na za Sicily. Alijibadilisha sura kama kinyonga: leo kibarua, kesho ombaomba. Mwaka 1895 Theodore Roosevelt, aliyekuwa mmoja wa makamishna wa polisi kabla ya kuwa rais wa nchi, alimpandisha cheo akawa sajenti wa upelelezi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupambana na kitu kilichoitwa Mkono Mweusi. Mwenye duka la mikate anaamka asubuhi, anakuta barua chini ya mlango. Imechorwa jeneza, kisu au mkono uliopakwa wino, na imetaja kiasi cha pesa na mahali pa kukipeleka. Asipolipa, duka linalipuliwa kwa baruti au mtoto wake anatekwa. Hata Enrico Caruso, mwimbaji wa opera aliyekuwa maarufu kuliko wote siku hizo, alipata barua za namna hiyo, na Petrosino ndiye aliyemsaidia. Magazeti yaliandika kana kwamba Mkono Mweusi ni chama kimoja kikubwa chenye makao na mwenyekiti. Petrosino alibisha. Alisema ni vijigenge vingi, kila kimoja kinaazima jina lilelile kwa sababu jina linatisha. Naona hapo ndipo akili yake ilipokuwa kali zaidi: hakukubali kuvimbishiwa adui.

Aprili 1903 ulikutwa mwili wa mtu umekunjwa ndani ya pipa mtaani, huko huko New York, shingo imekatwa. Hakuna aliyemtambua. Petrosino alichukua picha ya maiti akaenda nayo gereza la Sing Sing, kwa mfungwa wa Kisicily aliyekuwa na uhusiano na genge la watengeneza noti bandia lililoongozwa na Giuseppe Morello. Mfungwa alipoiona picha alimtambua shemeji yake, Benedetto Madonia, mkazi wa Buffalo. Mmoja wa watu wa Morello alikutwa na risiti ya duka la rehani, na rehani yenyewe ilikuwa saa ya marehemu. Ushahidi ulionekana kukamilika, lakini mashahidi walipofika mahakamani wakapoteza kumbukumbu ghafla. Hakuna aliyefungwa kwa mauaji yale.

Miongoni mwa waliotafutwa katika kesi ya pipa alikuwamo Cascio Ferro, aliyefika New York mwaka 1901. Alitorokea New Orleans, kisha mwaka 1904 akarudi Sicily. Inasimuliwa kuwa tangu hapo alitembea na picha ya Petrosino ndani ya pochi yake. Sijui wewe, lakini mimi nikisikia mtu amebeba picha ya adui yake kwa miaka mitano nashtuka kuliko nikisikia amebeba bunduki.

Cascio Ferro hakuwa jambazi wa vichochoroni. Alivaa vizuri, alikuwa na maneno matamu, na aliketi meza moja na wenye mashamba na wanasiasa. Ndiye anayetajwa sana kwa ule usemi wa Kisicily wa kumwacha ndege alowanishe mdomo: ndege hali shamba zima, hudonoa kidogo tu. Kila mfanyabiashara atoe kidogo, kila mwezi, naye atafanya biashara kwa amani. Sisi tungesema mlungula. Kwa njia hiyo mtu haui kuku anayetaga, na mlipaji huzoea hata akaanza kushukuru. Mtandao wa watu wa namna hiyo ndio ulioitwa Mafia. (Hauhusiani hata kidogo na kile kisiwa chetu kwenye mlango wa Rufiji, wenyeji wake wamechoka kuulizwa.)

Sasa safari yenyewe. Mwaka 1907 Marekani ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyoruhusu mgeni mwenye rekodi ya uhalifu kwao arudishwe, mradi hajamaliza miaka mitatu nchini. Kwa Petrosino hiyo ilikuwa silaha kuliko bastola. Hakuhitaji tena shahidi wa New York asimame mahakamani na kusahau. Alihitaji karatasi tu, hati ya mahakama ya Italia inayoonyesha kwamba fulani aliwahi kufungwa. Kamishna wa polisi, Theodore Bingham, akakubali kumtuma akazikusanye hati hizo kimyakimya. Februari 1909 akapanda meli kwa jina la uongo, akamwacha mkewe na binti yao aliyekuwa na miezi mitatu hivi.

Siri ilivuja kabla hajakanyaga nchi kavu. Tarehe 20 Februari, siku moja kabla ya meli kutia nanga Genoa, gazeti la New York Herald lilichapisha habari kwamba Petrosino yuko njiani kwenda Italia kutafuta wahalifu. Kinywa kilichotoa habari hiyo kilikuwa cha Bingham mwenyewe, aliyetaka kujisifu kwa waandishi. Magazeti ya Italia hayakuchelewa kuidaka. Kwa hiyo alipojiandikisha katika hoteli ya Palermo kwa jina bandia, pengine mtu pekee aliyedanganyika ni karani wa mapokezi.

Wasomaji wa riwaya za upelelezi wamezoea kwamba bingwa akinaswa, basi amenaswa na mtego wa ajabu uliobuniwa na akili ya kishetani. Hapa hapakuwa na mtego wa namna hiyo. Mkuu wa polisi wa Palermo, Baldassare Ceola, alitaka kumpa walinzi, Petrosino akakataa. Hakuwaamini polisi wa kule. Aliona wengi wao wanakula na wale wanaotakiwa kuwakamata. Tena alikuwa akikutana na watu wa kumpa habari, na hakuna mtoa habari anayemsogelea mtu aliyezungukwa na askari. Siku ile mkahawani, wanaume wawili walikwenda mezani kwake wakazungumza naye kidogo, wakaondoka. Muda mfupi baadaye naye akatoka kwenda uwanjani, mwendo wa mtu mwenye miadi.

Halafu kuna mazoea. New York alikuwa amepokea vitisho vya kuuawa kwa miaka mingi, na kila asubuhi aliamka mzima. Tena kulikuwa na imani, hata miongoni mwa polisi, kwamba Mafia haimgusi askari, kwa kuwa kumuua askari ni kujiletea serikali nzima nyumbani. Mtu mwenye imani hiyo huacha bastola begini bila kufikiri mara mbili. Nadhani pia alisahau jambo moja la kawaida kabisa. Kujificha kwake New York kulifaulu kwa kuwa kule alikuwa Mwitaliano mmoja kati ya malaki. Palermo alikuwa mgeni kutoka Marekani, na mgeni hajifichi mbele ya wenyeji.

Aprili 3 Cascio Ferro alikamatwa. Wapenzi wa hadithi husimulia kwamba usiku ule alikuwa mezani kwa mbunge, akaomba radhi kidogo, akapanda gari la farasi hadi Piazza Marina, akampiga Petrosino risasi kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kumalizia chakula. Hadithi tamu, lakini haipiti hata kwenye ramani. Mbunge huyo, Domenico De Michele Ferrantelli, aliapa kwamba Cascio Ferro alikuwa nyumbani kwake Burgio, na Burgio iko mkoa wa Agrigento, kusini-magharibi mwa kisiwa. Kwa farasi huendi na kurudi kati ya supu na kahawa.

Ila kiapo cha mbunge kilitosha, na kinaeleza zaidi ya hadithi yoyote. Watu humwita Cascio Ferro gwiji wa uhalifu; mimi naona hakuhitaji akili nyingi usiku ule. Alihitaji gazeti limwambie adui yuko wapi, vijana wa kufyatua, mji mzima wenye mdomo uliofungwa, na mheshimiwa wa kumwapia. Vyote alikuwa navyo. Mwezi Julai Ceola, aliyemkamata, aliondolewa Palermo. Novemba Cascio Ferro aliachiwa, na mwaka 1911 kesi ikafutwa. Serikali ilikuwa imetangaza zawadi ya lira 10,000 kwa atakayemtaja muuaji, na hakuna aliyekwenda kuichukua.

New York ilimzika Petrosino tarehe 12 Aprili 1909, watu zaidi ya 200,000 wakajaa barabarani. Bingham alifukuzwa kazi mwaka uleule, kwa mambo mengine. Cascio Ferro alitembea huru hadi mwaka 1926, utawala wa Mussolini ulipoamua kuwakomoa wakubwa wa Mafia. Mwaka 1930 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji mengine kabisa, akafia gerezani.

Kisha, Juni 2014, polisi wa Palermo walikamata watu 95 wa Mafia katika operesheni moja. Katika mazungumzo waliyoyanasa kwa siri, mmoja wao alisikika akiwatambia wenzake ubabe wa ukoo wake: kwamba ami ya baba yake, Paolo Palazzotto, ndiye aliyempiga Petrosino risasi, kwa amri ya Cascio Ferro. Jina hilo halikuwa geni kwa polisi. Palazzotto alikuwa amekamatwa mwaka 1909, siku chache baada ya mauaji, akaachiwa kwa kukosa ushahidi.