Je, wajua kwa nini picha ya lino, yaani iliyochongwa kwenye kipande cha zulia laini la sakafuni, huweza kuchapwa kwa mpigo mmoja na herufi za risasi, zile za metali zinazopangwa moja moja kuunda maneno?

Mwaka 1481, mjini Florence, mchapaji Nicolaus Laurentii alitoa Komedia, shairi la Dante, akataka kuipamba kwa picha za bamba la shaba zilizofuata michoro ya mchoraji Botticelli. Kazi ikamwelemea. Picha chache tu zilichapwa moja kwa moja kwenye kurasa. Nyingine zilichapwa pembeni zikabandikwa kwa gundi, na nakala nyingi zina nafasi tupu mpaka leo. Miaka 18 baadaye, kule Venice, mchapaji Aldus Manutius alichapa Hypnerotomachia Poliphili, kitabu chenye picha zaidi ya 160 zilizotulia katikati ya maandishi kana kwamba zilizaliwa pamoja nayo.

Siri ni mahali wino unapokaa. Kwenye shaba hukaa ndani ya michirizi, na karatasi iliyoloweshwa kidogo lazima ikandamizwe kwa nguvu kubwa ili iuvute. Herufi za risasi hushika wino juu ya uso wake. Ndiyo maana ukurasa wa Florence ulihitaji kupita mashine mara mbili. Aldus alitumia picha zilizochongwa kwenye ubao, ambazo hushika wino juu kama herufi. Vikiwa na kimo kimoja, rola moja huvipaka vyote na karatasi moja huvipokea vyote.

Lino imerithi kazi hiyo ya ubao. Frederick Walton wa Uingereza aliibuni miaka ya 1860 iwe ya kutandika sakafuni: mafuta ya kitani yaliyogandishwa, unga wa koki, na juti mgongoni. Haina nyuzi kama mbao, hivyo kisu hukata upande wowote bila kupasua. Mchapaji wa Italia anayeanza na lino mezani, akisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, hasumbuliwi na kimo. Kimo humkabili siku anapoingia kwenye karakana yenye herufi.

Kimo cha herufi cha Kifaransa, kilichoenea bara la Ulaya, ni milimita 23.56, cha Kiingereza na Kimarekani ni karibu 23.3. Usikisie: pima herufi iliyo mbele yako, maana karakana za zamani zina herufi za vimo mchanganyiko. Tuseme ni 23.56. Lino ya 3.2 juu ya ubao wa 18 inatoa 21.2, pungufu 2.36. Weka chini kadibodi ya milimita 2, kisha karatasi tatu za ofisini, kila moja takriban 0.1. Zinazobaki 0.06 jazia karatasi laini mbili nyembamba. Unaona ni hesabu ndogo, lakini lino ikizidi kimo, itabeba mgandamizo wote na herufi za jirani zitatoka hafifu. Ikipungua, picha hutoka na madoa meupe.

Katika kuchonga, pasha lino moto kidogo kwanza. Ikiwa baridi hubanduka vipande. Kuta za kila mstari ziteremke kwa mlalo kwenda nje. Ukikata kwa kuchimbia chini ya mstari, utavunjika baada ya chapa chache. Sehemu pana zisizochapwa chimba karibu mpaka kwenye juti, la sivyo rola itatumbukia na kuacha michirizi ya wino.

Ugomvi mkubwa ni wa wino. Eneo pana jeusi la lino linataka wino mwingi na mgandamizo mkubwa. Herufi ndogo zinataka wino mwembamba, vinginevyo matundu ya «a» na «e» yanazibika. Hapa ndipo mchongaji na mpangaji herufi wanapolazimika kusikilizana. Ukizidisha wino kwa ajili ya picha, umeshaharibu maneno. Dawa ya kwanza ni kuongeza kipande cha karatasi nyembamba chini ya lino, pale tu panapofifia. Ikishindikana, chapa mara mbili, picha kwanza, halafu maneno, ukiilaza karatasi kwenye vizuizi vilevile kila mara. Tunashauri ukubali mipito miwili mapema kuliko kupoteza siku nzima ukilazimisha mmoja.

Maneno yenyewe, acha yapangwe kwa risasi. Herufi za lino lazima zichongwe kinyumenyume, na «S» iliyogeuzwa vibaya haina tiba. Wanaotaka kuona zana hizi zikifanya kazi waende Cornuda, karibu na Treviso, ambako Tipoteca Italiana inatunza herufi na mashine za zamani na bado inachapa.

Ukimaliza, futa lino kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia, kisha kikavu. Maji yasiguse mgongo: juti huyanywa, lino inajikunja na kubanduka kwenye ubao, na kesho yake kile kimo ulichokitafuta kwa karatasi laini mbili kitakuwa kimepotea.